Breki Niliyoinyamazia

Mtoto wa marehemu mdogo wangu ametimiza miaka 14. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 3, kwa hiyo anamjua kwa picha na kwa yale tunayomsimulia. Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa nje, yeye na mimi, tumeshaswali Isha, akaniuliza pasipo utangulizi wowote: "Baba mkubwa, baba alikufa kwa sababu breki zilifeli, au kwa sababu Mwenyezi Mungu alishaandika afe siku ile?"

Nikampa jibu ambalo kila Mwislamu mtu mzima analo mdomoni. "Yote mawili, mwanangu."

Akafikiri kidogo. "Sasa kama ilishaandikwa, breki zingekuwa nzima angekufa vilevile?"

Nikamwambia usiku umeingia, tutaongea siku nyingine. Si kwamba nilikosa la kusema. Somo la kadari, yaani mambo kupangwa na Mwenyezi Mungu kabla hayajawa, nimelisoma tangu utotoni, nikalirudia ukubwani kwa masheikh wawili. Nilikatisha mazungumzo kwa sababu alizitaja breki.

Siku mbili kabla ya kifo chake niliazima pikipiki ya mdogo wangu. Breki ya mbele ilikuwa imelegea. Unaiminya mpaka inagusa mpini ndipo inashika, na inashika kwa kusitasita, kama mtu anayeamshwa usingizini. Kwenye mteremko nilipunguza gia na kuburuza mguu chini. Nikasema moyoni, nikimrudishia nitamwambia. Nilimrudishia usiku, nikamkuta ana wageni, nikamkabidhi ufunguo mlangoni na kuondoka. Kesho yake nilikumbuka mara moja, mchana, nikasema nitampigia jioni. Jioni ikapita. Asubuhi iliyofuata alishindwa kusimama kwenye njia panda, lori likampitia.

Msibani watu walisema yale yasemwayo. Siku yake imefika. Kazi ya Mungu haina makosa. Ajali haina kinga. Niliyapokea maneno hayo kama mtu aliyetuliwa gunia la mawe mgongoni. Na yalikuwa maneno ya kweli, hilo ndilo lililonichelewesha kuelewa nilichokuwa nafanya. Kila mtu pale aliyatumia kuupokea msiba. Mimi niliyatumia kujifichia.

Angalia neno lenyewe, ajali. Leo tukilisikia tunaona gari limepinduka. Asili yake ya Kiarabu ni muda uliowekwa, kikomo cha uhai ambacho hakisogei mbele wala nyuma. Wahenga waliposema "riziki kama ajali, huitambui ijapo", bado walikuwa wanaisikia maana hiyo ya kwanza. Sasa chukua "ajali haina kinga" uipime kwa maana zote mbili. Ukikusudia siku ya kufa, ni kweli tupu: ikifika hakuna wa kuizuia. Ukikusudia pikipiki kugonga lori, si kweli hata kidogo. Ajali ya namna hiyo ina kinga nyingi, mojawapo ni breki, nyingine ni kaka anayesema alichokiona. Mimi nilijibanza katikati ya maana hizo mbili kwa miaka 11.

Hata "jitihada haiondoi kudura" tunaisema kwa kuikata mkia. Methali hiyo inamzungumzia mtu aliyekwisha kujitahidi. Asiyejitahidi haina cha kumwambia, maana hakuna jitihada iliyojaribu kuondoa kitu.

Swali la yule kijana ni la zamani sana. Mlango wa kwanza kabisa wa Kitabu cha Imani katika Sahihi Muslim, mkusanyo wa hadithi wa Imamu Muslim, unafunguliwa nalo. Yahya bin Ya'mar na mwenzake Humayd bin Abdurrahman walisafiri kutoka Iraki kwenda hija au umra, wakiwa na hamu ya kumpata Sahaba yeyote wa Mtume (s.a.w.) wamuulize kuhusu watu waliozuka kwao Basra. Watu hao walikuwa wasomaji wa Qur'ani na wapekuzi wa elimu, na walidai hakuna kadari, kwamba mambo huanza upya tu yanapotokea, Mungu hakuyajua wala hakuyapanga kabla. Aliyeanza kusema hayo Basra alikuwa Ma'bad al-Juhani. Wakamkuta Abdullah bin Umar anaingia msikitini, wakamzunguka mmoja kulia na mmoja kushoto. Alipowasikiliza akasema: mkikutana nao, waambieni mimi si wao na wao si wangu. Akaapa kwamba lau mmoja wao angekuwa na dhahabu mfano wa mlima Uhud akaitoa yote, Mwenyezi Mungu asingeipokea mpaka aamini kadari. Kisha akawasimulia aliyoyapata kwa baba yake: siku alipotokea mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, hana dalili ya safari na hakuna anayemjua, akakaa magoti yake yakigusana na ya Mtume, akauliza Uislamu ni nini, Imani ni nini, Ihsani ni nini. Katika nguzo za imani Mtume akamtajia ya mwisho: kuamini kadari, kheri yake na shari yake. Mgeni yule alikuwa Jibrili.

Tuliosoma utotoni tulikariri nguzo hizo sita kwa wimbo, na hii ya sita tuliipita mbio kama zile tano. Ukubwani ndipo nilipoona uzito wake. Wanazuoni wa Ahlu Sunna wameipanga katika daraja nne. Mwenyezi Mungu anajua kila kitu kabla hakijawa. Amekiandika; katika hadithi ya Abdullah bin Amr iliyo kwa Muslim, alivikadiria viumbe miaka 50,000 kabla ya kuumba mbingu na ardhi. Hakiwi ila kwa kutaka kwake. Na yeye ndiye muumba wake, hata matendo yetu. Watu wa Basra walikwama kwenye daraja ya kwanza. Wengi wetu tunakwama kwenye ya nne, maana hapo ndipo akili inapouliza: kama tendo langu limeumbwa, ni langu vipi?

Masahaba waliuliza jambo hilohilo, tena wakiwa makaburini. Ali bin Abi Talib (r.a.) anasimulia kwamba walikuwa kwenye maziko huko Baqi' al-Gharqad, makaburi ya Madina, Mtume akaja akakaa, nao wakakaa kumzunguka. Alikuwa na kijifimbo. Akainamisha kichwa akawa anachorachora ardhi kwa kijifimbo kile. Napenda hadithi inapotuonesha kitu kidogo namna hiyo, mchanga unachorwa huku watu wamenyamaza. Kisha akasema hakuna yeyote miongoni mwenu ila mahali pake pameshaandikwa, Peponi au Motoni. Mtu mmoja akauliza: ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, si basi tutegemee tulivyoandikiwa, tuache matendo?

Hilo ni swali halali kabisa, na hakukemewa aliyeliuliza. Jibu lilikuwa: "Tendeni, kwani kila mmoja husahilishiwa lile aliloumbiwa." Kisha Mtume akasoma katika Suratul Layl: ama mwenye kutoa na kumcha Mungu, na akalisadiki lililo jema, tutamsahilishia njia ya wepesi, na ama mwenye ubahili akajiona hana haja, na akalikadhibisha lililo jema, tutamsahilishia njia ya uzito.

Niliisoma aya hiyo mara nyingi kabla ya kuona mpangilio wake. Vitenzi vya mja vinatangulia: anatoa, anacha, anasadiki; anafanya ubahili, anajitosheleza, anakadhibisha. Kusahilishiwa kunafuata. Aliyeuliza alitaka kujua kilichoandikwa, akarudishwa kwenye mkono wake mwenyewe, unatoa au unafumba. Hakupewa nadharia. Alipewa kazi, tena papo hapo kaburini, mahali ambapo mtu angetarajia apewe liwazo.

Nadharia zilikuja baadaye, na zilikuja na damu. Waliokana kadari waliitwa Qadariyya. Ma'bad aliuawa yapata mwaka 80 Hijria, na Ghaylan wa Dameski akauawa katika utawala wa khalifa Hisham bin Abdulmalik. Upande wa pili walitokea Jabriyya, waliosema binadamu hana hiari yoyote, ni kama unyoya upeperushwao na upepo. Mkubwa wao, Jahm bin Safwan, naye aliuawa mwaka 128 Hijria. Aliyesema mja ana uwezo kamili aliuawa na dola ya Banu Umayya, na aliyesema hana uwezo wowote akauawa na dola hiyohiyo. Siasa ilikuwa na sehemu yake katika hayo, na hatuwezi kuzisoma hoja zao kama watu waliokaa darasani wakijadiliana kwa utulivu.

Mu'tazila, kundi la wanatheolojia lililotokea baadaye, walirithi hoja ya hiari wakaifanya nguzo ya mafundisho yao. Walisema Mungu ni mwadilifu, hawezi kumwadhibu mtu kwa tendo aliloliumba yeye. Kwa hiyo mja ndiye muumba wa matendo yake, na Mungu ni wajibu wake kumfanyia mja lililo bora zaidi. Sidhani ni haki kuwasema kama watu waliotaka kumpunguza Mwenyezi Mungu. Walikuwa wanautetea uadilifu wake. Lakini husimuliwa kisa cha Abul Hasan al-Ash'ari akiwa bado mwanafunzi wao, akamuuliza mwalimu wake al-Jubba'i kuhusu ndugu watatu: mmoja amekufa akiwa muumini, mmoja akiwa kafiri, mmoja akiwa mtoto mdogo. Mtoto akisema, Mola wangu, mbona hukuniacha nikue nifanye mema nami nipate daraja ya ndugu yangu? Al-Jubba'i akajibu: ataambiwa, nilijua ungekua ungeasi ukaingia Motoni, na kufa mdogo kulikuwa bora kwako. Al-Ash'ari akasema: basi yule kafiri atapiga kelele kutoka Motoni, Mola wangu, mbona mimi hukuniua nikiwa mdogo? Mwalimu akanyamaza.

Niliposikia kisa hicho mara ya kwanza nilifurahia ushindi wa hoja. Baada ya kumzika mdogo wangu sikuweza tena kukisikia hivyo. Watu wema walinijia wakasema pengine Mungu amemwepusha na mabaya ya mbele. Pengine. Ila hakuna mwanadamu awezaye kumfanyia Mwenyezi Mungu hesabu ya kwa nini huyu leo na yule kesho, na anayejaribu kufarijia watu kwa hesabu hiyo huenda akamfungulia mfiwa swali jingine lililo baya zaidi.

Al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 Hijria, alilishikilia neno kasb, yaani uchumo: Mungu huumba tendo, mja hulichuma, na kwa kulichuma analibeba. Maturidi wa Samarkand, aliyefariki mwaka 333, aliupa uchaguzi wa mja nafasi kubwa zaidi. Mashia wanashikilia kauli wanayoipokea kwa Imamu Ja'far as-Sadiq, kwamba si kulazimishwa wala si kuachiwa, bali ni jambo lililo kati ya hayo mawili. Mtu anaweza kuyasoma haya miaka mingi. Mimi kilichonifaa ni mfano mmoja ambao wanatheolojia waliupenda: mkono unaotetemeka kwa maradhi na mkono unaosogea kwa kutaka. Kila mtu anajua ndani ya nafsi yake tofauti ya hivyo viwili, hahitaji kuthibitishiwa. Mwenye homa hatuulizi kwa nini mkono wake unatetemeka. Aliyepiga kofi tunamuuliza.

Nami naujua mkono wangu. Ulishika simu mchana ule nikakumbuka breki, na ukairudisha simu mfukoni. Haukutetemeka.

Wapo wanaosema fumbo hili ni jepesi: Mungu anajua tu utakachochagua, na kujua si kulazimisha, kama mwalimu anayemjua mwanafunzi atakayefeli. Mfano huo unasaidia hatua moja, sikatai, ila haufiki mwisho, kwa sababu mwalimu hakumuumba mwanafunzi wala hakumuumbia siku ya mtihani. Qur'ani yenyewe haijafupisha njia. Katika Suratut Takwir imesema ni ukumbusho kwa anayetaka miongoni mwenu kwenda sawa, na aya inayofuata ikasema wala hamtataka ila atake Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Matakwa yetu yamethibitishwa, kisha yakawekwa ndani ya matakwa yake. Hakuna aya ya tatu inayoeleza namna. Imamu Tahawi aliandika katika itikadi yake kwamba asili ya kadari ni siri ya Mwenyezi Mungu katika viumbe vyake, hakuijua malaika wa karibu wala nabii aliyetumwa. Mimi nimeishia hapo, na sioni aibu kuishia alipoishia Tahawi.

Lakini siri ni ile ya upande wake. Upande wetu hakuna siri, na aliyeuonesha wazi kuliko wote ni khalifa Umar bin al-Khattab.

Ilikuwa mwaka 18 Hijria, au karibu yake. Umar alitoka Madina kwenda Sham, yaani nchi ya Siria na jirani zake, alipofika mahali paitwapo Sargh makamanda wa majeshi wakampokea, akiwemo Abu Ubayda bin al-Jarrah, wakamwambia tauni imeingia Sham. Ibn Abbas, ambaye ndiye msimulizi, aliagizwa awaite Muhajirina wa mwanzo, waliohama Makka kwenda Madina. Wakakhitalifiana: wengine walisema umetoka kwa jambo, hatuoni urudi, wengine wakasema umefuatana na Masahaba waliobaki, hatuoni uwapeleke kwenye tauni. Wakaitwa Ansari, wenyeji wa Madina, nao wakakhitalifiana vilevile. Wakaitwa wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa kufunguliwa Makka, na hao hawakutofautiana hata wawili: rudi na watu. Umar akatangaza kwamba asubuhi atakuwa juu ya mnyama wake anarudi.

Abu Ubayda akamwambia: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?

Huyu si mtu wa kawaida anayeuliza. Ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, na wapokezi wanasema Umar alikuwa hapendi kumpinga. Akamjibu: laiti angelisema hilo mtu mwingine, ewe Abu Ubayda! Ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Unaonaje lau ungekuwa na ngamia, wakateremka kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine ni mkavu: ukiwalisha penye malisho si umewalisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, na ukiwalisha pakavu si umewalisha kwa kadari ya Mwenyezi Mungu?

Ndipo akatokea Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwepo mashauriano yakifanyika, akasema mimi nina elimu juu ya hili. Nimemsikia Mtume akisema: mkisikia ugonjwa huo upo katika nchi msiingie, na ukitokea katika nchi nanyi mmo msitoke kwa kuukimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akaondoka.

Mchungaji wa Umar hajui ngamia gani ataishi. Anajua upande upi una majani. Ujuzi huo ndio anaoulizwa, na kadari haimpunguzii kitu katika ujuzi huo, kwa sababu kadari haipo kwenye upande mkavu peke yake. Sisi tukisema "kadari" tunakusudia pakavu. Mgonjwa akifa ni kadari. Akipona tunamsifu daktari. Umar aliiona kadari pande zote mbili za bonde, kwa hiyo ikabaki kwake kuchagua malisho, na akachagua. Abu Ubayda naye alirudi kwa watu wake Sham, akafa kwa tauni ileile. Aliyerudi Madina na aliyekufa Sham wote walikuwa wametii hadithi moja.

Breki nzima ingekuwa kadari. Hivyo ndivyo ningepaswa kumjibu kijana usiku ule: angekufa au asingekufa, hilo sijui wala hajui mtu, lakini breki nzima nayo ingekuwa kadari ya Mwenyezi Mungu, na kaka anayesema angekuwa kadari.

Kuna hadithi nyingine ambayo kwa muda mrefu niliifanya wakili wangu. Adam na Musa walihojiana. Musa akamwambia, wewe ndiye Adam ambaye kosa lako lilikutoa Peponi. Adam akamjibu, wewe ndiye Musa uliyeteuliwa na Mwenyezi Mungu kwa ujumbe wake na maneno yake, nawe unanilaumu kwa jambo nililokadiriwa kabla sijaumbwa? Mtume akasema: Adam akamshinda Musa kwa hoja. Hadithi hii iko kwa Bukhari na Muslim, haina wasiwasi. Nikasema moyoni, kama Adam alijitetea kwa kadari, mimi ni nani?

Sheikh niliyemfungulia moyo, miaka mingi baadaye, hakunikatalia hadithi. Aliniuliza tu: Adam aliyasema hayo lini, kabla ya kutubu au baada? Akanirudisha kwenye Suratul A'raf. Huko wako wakosaji wawili. Iblis alisema: kwa kuwa umenipoteza, basi nitawakalia hao kwenye njia yako. Amelitupa kosa kwa Mwenyezi Mungu. Adam na mkewe walisema: Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu. Adam alikuwa na hoja ya kadari mkononi, tena hoja ya kweli, na siku ya kosa hakuitoa. Ibn Taymiyya ameeleza kwamba Musa alikuwa analaumu msiba uliowapata wanawe, kutolewa Peponi, na msiba ndio mahali pa kadari. Mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akaongeza kwamba mtu aliyekwisha tubia kosa, lisilobaki na athari, akilaumiwa anaweza kutaja kadari. Wanazuoni wana usemi mfupi juu ya hilo: kadari hutolewa hoja kwenye misiba, haitolewi hoja kwenye aibu.

Tatizo langu lilikuwa kwamba msiba na aibu vimeingia katika asubuhi moja. Kifo cha mdogo wangu ni msiba, na juu yake nasema kadari ya Mwenyezi Mungu na alilotaka amefanya. Kunyamaza kwangu ni kosa. "Dini ni nasaha," amesema Mtume, na nasaha hiyo nilidaiwa nikaichelewesha. Sheikh aliniambia mimi sikumuua, nisijipachike jina hilo. Lakini tusivichanganye viwili hivi mpaka kimoja kimeze kingine.

Palibaki neno "lau". Mtume amesema muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na katika wote kuna kheri. Lipupie linalokufaa, omba msaada wa Mwenyezi Mungu wala usilegee. Likikupata jambo usiseme lau ningefanya hivi ingekuwa hivi, kwani lau hufungua kazi ya shetani. Tazama kwamba kupupia kumetangulia. Hadithi inamtuma mtu mbele kwa nguvu, kisha inamzuia asirudi nyuma kujitafuna. Mimi niliigeuza: mbele nilisema inshallah nitampigia, nyuma nikasema lau. Na si kila lau imekatazwa. Katika hija yake ya mwaka 10 Hijria Mtume mwenyewe alisema lau ningeyajua mbele yale niliyoyajua nyuma, nisingekuja na mnyama wa kuchinja. Lau ya kufundishia ipo. Yangu haikunifundisha kitu. Ilikuja usiku, inaigiza simu ambayo sikuipiga, maneno yote, mpaka sauti yake akiitikia.

Wiki mbili baada ya swali lile nilimwita yule kijana, nikamwambia kuhusu kijifimbo cha Baqi' na ngamia wa Umar. Alisikiliza vizuri. Kisha nikamwambia kuhusu breki, kwamba niliijua. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia viatu vyake. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Mama anajua?"

Masharti ya toba nayajua kwa moyo: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kosa likigusa haki ya mja, kumwendea mwenye haki. Miaka 11 nilitimiza matatu na kulikwepa la nne.

Nilikwenda Jumamosi, baada ya Adhuhuri. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya magoti. Kisha akasema: "Shemeji, alikuwa anajua. Breki ile ilimsumbua wiki nzima. Alisema Jumatatu ataipeleka kwa fundi."

Nilikaa pale nikiisikia ile simu ya usiku, maneno yote, mpaka sauti yake akiitikia: ndiyo, najua, Jumatatu naipeleka. Miaka 11 nilikuwa nampigia mtu simu kumwambia jambo alilokuwa nalo.

Shemeji hakunisamehe kwa haraka, na sikutaka afanye haraka. Alinyamaza, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniuliza kwa nini yote haya nilikaa nayo peke yangu wakati yeye alikuwa hapa, na mtoto alikuwa hapa. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na neno "imeandikwa" karibu kabisa na ulimi, nikaliacha.